Mleta uzi, kabla hujasaini hiyo kazi ya rangi 28 soma hapa

Mkuu, usisaini bado.

Wadau wamekupa hongera, mmoja kakuuliza mshahara, mwingine anakuombea, na hakuna aliyegusa sentensi uliyoipitisha katikati ya uzi kana kwamba ni kitu kidogo. Umesema kituo kimenunua mashine mpya ya saitometria ya mtiririko, ile ya spektra, na kazi yako ya kwanza ni paneli (seti ya kingamwili zinazotumika pamoja) ya rangi 28 kwenye damu za wagonjwa walio kwenye majaribio ya dawa. Halafu ukaandika kwamba bosi mtarajiwa amekutoa wasiwasi: "Kontroli zilishafanywa siku ya mafunzo, zimo kwenye maktaba ya mashine, wewe utakuwa unapitisha sampuli tu."

Hiyo sentensi naijua. Niliambiwa mimi, nikaitikia kwa kichwa, na ndiyo iliyonitoa kwenye kituo cha utafiti nikiwa sina cha kuonyesha ila barua ya kuisha kwa mkataba na rundo la faili za FCS, yaani data za mashine hiyo, zisizomfaa mtu.

Kwa wasio wa fani wanaopita humu: mashine hii inapitisha seli moja moja mbele ya leza. Kila seli imebandikwa kingamwili zenye rangi zinazong'aa, na vihisi vinausoma mwanga huo ili kujua seli ni ya aina gani. Tatizo rangi haitulii kwenye mipaka yake. Mwanga wa hii unamwagikia eneo la ile, kwa hiyo lazima kompyuta ifundishwe kila rangi ikiwa peke yake inafananaje, ndipo iweze kuzitenganisha zikiwa pamoja. Tyubu ya kuifundishia, yenye rangi moja tu, ndiyo kontroli ya rangi moja. Si mambo mapya haya. Loken, Parks na Herzenberg waliandika tangu 1977 namna ya kufidia mmwagiko huo, enzi hizo rangi zikiwa mbili tu. Hesabu za leo ni nzito zaidi, lakini ukiifundisha mashine uongo itatenganisha kwa uongo, na itakuchorea picha safi kabisa.

Sasa sikia ya kwetu.

Paneli yetu haikufika rangi 28, ila ilituzidi kimo hivyohivyo. CD8, alama ya aina mojawapo ya seli T za kinga, tuliiweka kwenye rangi ya PE-Cy7; PD-1, alama nyingine ya juu ya seli, tukaiweka kwenye rangi ya PE. Anayejua ameshaanza kutikisa kichwa. PE-Cy7 ni tandemu: PE inapokea nguvu ya leza na kuirithisha Cy7, ndiyo maana mwanga wake unatoka kule karibu na nanomita 785, wakati PE ya kawaida hung'aa zaidi karibu na 578. Muunganiko ule ukivunjika, PE inakosa wa kumrithisha, inang'aa yenyewe. Na unavunjika kirahisi mno. Mwanga wa taa, joto, fomaldehidi ya kuhifadhia seli ikikaa nayo muda mrefu, vyote vinaiumiza.

Kontroli zetu za maktaba zilichukuliwa siku mkufunzi wa kampuni alipokuja, kwa kichupa cha CD8 kilichotolewa kwenye boksi mbele ya macho yetu. Kichupa hichohicho tuliendelea kukitumia, na kila siku ya sampuli kilikuwa kinakaa mezani chini ya taa, bila foili, wakati tunachanganya kingamwili nyingine zote. Kikaanza kuvunjika polepole. Mashine ingejuaje? Yenyewe ilikuwa inakumbuka PE-Cy7 ya siku ya mafunzo, changa na nzima. Mwanga wowote wa PE uliovuja kutoka kwenye tandemu mbovu ikauhesabu kuwa ni PD-1.

Unaona inakoelekea. Seli za CD8 za wagonjwa wetu zikaanza kuonyesha PD-1, ziara iliyofuata ikazidi, inayofuata ikazidi tena. Mtu yeyote wa elimu ya kinga akiona PD-1 imepanda kwenye seli T na haishuki, neno la kwanza kinywani ni uchovu wa seli. Kwa hiyo dawa inachosha seli! Hadithi tamu ajabu. Bosi akaanza kutaja majarida ya kupeleka. Mimi nikatengeneza slaidi zenye mishale. Zilikuwa nzuri, msinicheke, nina kipaji cha mishale.

Kumbe kilichokuwa kinachoka ni kichupa.

Aliyetufumbua macho hakuwa hata wa kituo chetu. Ni mama mmoja wa maabara ya hospitali, kazi yake kusoma lukemia, alialikwa kwenye kikao akakaa nyuma. Akaomba nirudishe slaidi ya CD8 na PD-1. "Mbona zimelala mshazari?" Nikatazama. Kweli, doti zote zilikuwa zimejipanga kwenye mstari mmoja wa mshazari kutoka chini hadi juu: seli yenye CD8 nyingi ina PD-1 nyingi, yenye CD8 kidogo ina PD-1 kidogo, kwa uwiano uleule bila kukosea. Mwili wa binadamu hauna nidhamu ya namna hiyo. Picha ile nilikuwa nimeitazama mpaka nimeizoea. Akauliza tena, kwa upole ambao hadi leo unaniuma, "FMO yako ya PE iko wapi?" Yaani tyubu yenye paneli nzima isipokuwa rangi moja, hapa PE, ili uone ni mwanga gani unabaki pale ambapo PD-1 haijatiwa kabisa. Haikuwepo. Hatukuwahi kuipitisha kwa sababu ilisemekana "FMO zinakula sampuli".

Jioni ile nikatia seli rangi kwa kile kichupa cha CD8 peke yake. PD-1 hakuna ndani, chochote kingine hakuna. Nikapitisha. Kwenye kihisi cha PE, mahali palipotakiwa kuwa patupu, kikasimama kilele kirefu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviweka kwenye slaidi.

Watu wanadhani hapo unarudi kwenye faili unasahihisha. Ni kweli faili ghafi zinabaki, na utenganishaji wa rangi unaweza kuurudia hata baada ya mwaka. Unaurudia kwa kutumia nini? Unahitaji kontroli ya tandemu ile, katika hali iliyokuwa nayo siku ile, na kila siku ya sampuli ilikuwa imevunjika kwa kiasi chake. Sisi hatukuwa nayo hata ya siku moja. Damu imeshatumika yote, seli za akiba hazikugandishwa, na sampuli ya kabla ya dawa hairudiwi, maana mgonjwa akishameza dawa huwezi kumrejesha alikotoka. Watu wale walikunja mikono ya mashati wakatobolewa wakiamini wanasaidia wenzao. Hilo silifanyii utani.

Mfadhili akaikata sehemu yetu. Mkataba wangu ukaachwa ufe wenyewe. Ripoti ikaandika "dosari za kiutendaji za mtaalamu wa maabara". Mtaalamu wa maabara ni mimi. Aliyesema FMO zinakula sampuli ni bosi, na yeye alipata mradi mwingine, nasikia anaendelea vizuri, Mungu ambariki huko aliko na asinikutanishe naye kwenye lifti.

Na yule mkufunzi sasa! Mcheshi, kalamu za bure, sauti ya redioni. Alikuja na shanga zake (punje ndogo za plastiki zinazotumika badala ya seli) na kingamwili zake mpya, kila kitu kikatoka kama brosha. Nilimuuliza, nakumbuka vizuri kabisa kwamba nilimuuliza, kama tunatakiwa kurudia kontroli kila siku ya kazi. Akacheka. Akasema mashine za kisasa zimeshaondokana na ushamba huo. Ushamba! Bosi naye mkononi ana nakala ya OMIP-069, ile paneli ya rangi 40 iliyochapishwa 2020, anaitikisa kama hati ya kiwanja: wenzetu wameweza 40, sisi hizi chache zitatushinda? Baadaye, nikiwa sina kazi na muda ninao, ndipo nikakaa kuisoma. Jasho lote la wale waandishi limo kwenye kuchagua rangi gani ikae kwenye kingamwili gani, kupima kiasi cha kila kingamwili, na kukagua kontroli. Bosi aliishia kwenye picha.

Sisemi maktaba ya kontroli ni haramu. Rangi isiyo tandemu, kwenye mashine inayokaguliwa kwa shanga kila asubuhi, ukishalinganisha mwenyewe ya maktaba na ya leo ukaona zinafanana, itumie. Ila mtu anayekwambia maktaba inatosha kwa rangi 28, nyingi zikiwa tandemu, kwenye sampuli za miezi mingi, ama hajawahi kuifanya hiyo kazi ama hatakuwepo siku matokeo yakikataa.

Kwa hiyo sheria yangu, na nakazia: kontroli za rangi moja zifanywe siku ileile ya sampuli, kutoka kichupa kilekile, zipite kwenye kemikali zilezile kwa muda uleule, na zing'ae sawa na sampuli au kuizidi. Upande wake chanya (wenye rangi) na upande wake hasi (usio na rangi) vitoke kwenye kitu kimoja, seli kwa seli au shanga kwa shanga, usichanganye, kwa sababu mng'ao wa asili wa shanga na wa seli ni vitu viwili. Tandemu hazina msamaha wala udhuru. Halafu kiashiria chochote kisichogawanyika wazi kati ya chanya na hasi, kama hiyohiyo PD-1, lazima kiwe na FMO. Sampuli ikiwa haitoshi kwa FMO, basi paneli yako ni kubwa mno, ipunguze.

Uliuliza kuhusu ajira. Nitakujibu palepale nilipo. Kuna watu walijenga maisha yao juu ya mashine ya kuhesabu CD4. Walijua kuweka tyubu, kubonyeza, kuchapisha namba. WHO ilipopendekeza 2015 kwamba kila mwenye VVU aanze dawa bila kujali CD4 zake ni ngapi, kipimo kile kikaacha kuwa geti la kuingilia kwenye matibabu. Bado kinahitajika, hasa kumtambua mgonjwa aliyeshuka chini ya 200, lakini aliyekuwa na ujuzi wa kubonyeza tu aliona kazi ikipungua mkononi. Aliyekuwa anajua kwa nini geti, yaani mpaka wa kutenga kundi la seli kwenye picha, linachorwa hapa na si pale alihamia kwenye lukemia, na anatafutwa. Mama wa mshazari ni mmoja wao. Huko wanasaka mabaki ya saratani baada ya matibabu, seli moja mbaya kati ya 100,000, wakati mwingine hata chini ya hapo. Hebu fikiria rangi yako inamwagika kwenye kazi hiyo. Unamwambia mtu saratani ingalipo, kumbe ni PE.

Viwanda vya dawa na tiba za seli kama CAR-T (seli T zilizobadilishwa ili zishambulie saratani) ni vilevile. Mkaguzi haulizi mashine yako ina leza ngapi, anauliza umejuaje. Mwongozo wa CLSI, taasisi ya viwango vya maabara, wa kuthibitisha vipimo vya saitometria, H62 wa 2021, ukiusoma mapema utaingia kwenye usaili umekaa wima. Wengi wanaomba kazi hizi hawajausikia.

Uliuliza pia lugha ya programu ya kuchambulia data, R au Python? Anza na R, programu za saitometria kama flowCore na FlowSOM ziko huko, Python itakuja. Na hao wanaokutisha kwamba akili bandia itaua kazi ya kuchora mageti: FlowSOM ipo tangu 2015 na inapanga seli kwenye makundi bila mtu kuchora kitu. Ningeipa data yangu ile ingenitengenezea kundi moja safi la CD8 zilizochoka, na ningeongeza mishale. Mtihani wa SCYM, cheti cha utaalamu wa saitometria cha ASCP, chama cha patholojia cha Marekani, ufanye ukitimiza masharti yao, hauna hasara.

Kulikuwa na swali jingine, nadhani la kusoma uzamili kwanza au kupiga kazi kwanza. Sioni uzi wote nikiwa naandika kwa simu, wengine watakujibu.

Wewe leo hii mwandikie huyo bosi mambo matatu tu: nani atatengeneza kontroli za tandemu kila siku ya sampuli, seli za kontroli hizo zitatoka wapi, na bajeti ya kingamwili imehesabu FMO au haikuhesabu. Muombe pia akutumie faili za kontroli za mara ya mwisho mashine ilipofanya kazi. Akijibu "maktaba", bandika jibu lake hapa tulisome wote, majina ufute.