Zote ni wimbo mmoja?

Mwanangu,

Umeniuliza swali ambalo mtoto mwenye adabu hamuulizi mamake, na nimelipenda. Unasema uliandika "zilizopendwa" kwenye YouTube, ukaziacha zicheze saa mbili ukiwa kazini, na zote zikasikika kama wimbo mmoja usio na mwisho. Ukataka kujua: ni wewe usiye na masikio, au ni sisi wazee tunaupenda ujana wetu na kuuita muziki?

Nianze na hiyo ya pili, maana haina kazi. Ndiyo, ujana umo. Kuna nyimbo nazipenda kwa sababu zilipigwa kwenye harusi fulani na nilikuwa nimevaa gauni fulani, na ukiniambia ni mbovu sitabisha. Enzi zetu takataka zilikuwa nyingi tu. Kulikuwa na bendi zilizoiga bendi nyingine mpaka makosa, na nyimbo za kuwasifu wakubwa ambazo redio ilitupigia tutake tusitake. Kwa hiyo usidhani kila chenye sauti ya mkwaruzo ni dhahabu. Mwenye kukusanya hizo saa mbili zako hakuchagua, alizoa.

Masikio, hata hivyo, unayo. Kwanza hujakosea kusema zinafanana, kwa sababu mara nyingi ni watu walewale. Chukua Wilson na George Peter Kinyonga, ndugu wawili wa Tanga. Walipigia Jamhuri Jazz kwao, wakahamia Arusha, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakavuka mpaka wakaja Nairobi, wakawa Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao wakajitoa, akiwemo Omar Shabani wa gitaa la rithimu na Tom Malanga wa besi, wakaunda Les Wanyika. Hao ndio waliotupa "Sina Makosa", na John Ngereza akawa nguzo yao kwa miaka mingi. Issa Juma naye, baada ya kuimba nao, akashika njia yake na Super Wanyika Stars, akatoa "Sigalame". Basi ukizisikia nyimbo tatu za Wanyika zikifuatana ukadhani ni bendi moja, umekaribia ukweli: ni nyumba moja iliyogawana sufuria.

Sasa fanya hivi. Weka "Sina Makosa" usiku, ukiwa umevaa zile spika zako za masikioni, na uyaache maneno kabisa. Maneno unayajua, ni mwanamume anayejitetea mbele ya mwenzake mwenye wivu. Fuata besi ya Malanga. Haijazi nafasi yote. Inasema, inanyamaza, inasema tena, na pale inaponyamaza ndipo kiuno kinapotaka kusogea. Ukishaishika, panda kwa gitaa la Shabani. Linarudia kitu kilekile bila kuchoka, wala halitafuti sifa, na ukiliondoa wimbo wote unaanguka. Ngoma ziko kwa mbali. Hakuna mtu anayekimbia. Hiyo ndiyo sahihi ya Wanyika, na ukiijua mara moja hutaisahau.

Halafu weka "Kasongo" ya Super Mazembe. Huo unaujua, maana mwaka 2024 kizazi chenu kiliufufua kwa mambo yenu ya siasa, ingawa nikiwauliza wengi hawajui kwamba anayelia humo ni mke akimbembeleza mumewe arudi nyumbani. Mazembe walitoka Zaire wakapitia Zambia, wakafika Nairobi 1974. Sikiliza ngoma zao. Kuna mdundo mkavu, wa haraka, usiopumzika. Unaitwa kavacha. Ulivuma na vijana wa Zaiko Langa Langa kule Kinshasa, kisha ukawa alama ya bendi za Kikongo hapa mjini. Les Mangelepa, waliotoka kwa Baba Gaston mwaka 1976, nao wanao. Ukisikia kavacha jua hapo si Wanyika, hata kama maneno ni Kiswahili. Na mimi nikiisikia siwezi kukaa, hata na haya magoti.

Benga ni jambo lingine kabisa, na hukasirika kidogo nikiikuta imetupwa kwenye kapu moja na rumba, yaani hizo za Wanyika na Mazembe. Weka wimbo wowote wa D.O. Misiani na Shirati Jazz. Solo, yaani lile gitaa linaloongoza, hailegei. Inadonoa noti moja moja kwa kasi, inamfuata mwimbaji, inamjibu, wakati mwingine inamkatiza. Wajaluo walikuwa na nyatiti, nyuzi nane, kabla gitaa halijafika, na vidole vilipohamia kwenye gitaa vilihama na tabia zao. Besi ya benga haibembelezi, inapiga ngumi. Kutoka Nyanza benga ikasambaa: Joseph Kamaru akaipigia Kikuyu, Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wakaipigia Kikamba, na Kiswahili pia. Yote hayo yaliuzwa kwenye maduka ya River Road, mlango kwa mlango, kila duka likijaribu kulizidi jirani kwa sauti ya spika ya nje. Ukitembea kutoka mwanzo hadi mwisho wa barabara hiyo ulikuwa umezunguka nchi.

Kuna jambo la pili, nalo usilikasirikie. Unaruka nyimbo. Nimekuona garini, unasikiliza mwanzo, kidole kinaenda. Nyimbo hizi hazikutengenezwa kwa mtu wa namna hiyo. Santuri ndogo, ile ya mizunguko 45, ilikuwa na nafasi ya dakika chache tu kila upande, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili. Upande A ulikuwa na hadithi, yaani nani kamwacha nani. Ukaigeuza, na upande B magitaa yakaachiliwa, ile sehemu Wakongo wanayoiita sebene. Ndiyo maana kwenye simu utasikia wimbo unazimika katikati kisha unaibuka tena: mtu ameunganisha pande mbili. Ukiondoka kabla ya hapo, umesikia malalamiko na kukosa dansi. "Mario" ya Franco wa Kongo, ya 1985, inakaribia robo saa, na hakuna mtu wa rika langu aliyewahi kuona ni ndefu. Tuliona ni fupi kwa sababu ilipokwisha ilibidi kurudi kukaa.

Siwalaumu wasanii wenu. Najua Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukishafika sekunde 30, na mtu anayelipwa hivyo ataanza na kiitikio, angefanya nini? Wetu walibanwa na santuri, na wenu wanabanwa na kidole chako.

Ukishatofautisha hizo tatu, acha kutafuta mitindo, fuata watu. Hii ndiyo njia pekee ninayoiamini ya kupata muziki mpya, na uliponiuliza nianzie wapi, jibu langu ni hili: anzia kwa mtu mmoja, uulize alikuwa na nani. Mashine inakupa kinachofanana na ulichopenda jana. Mtu anakutoa hapo anakupeleka usikotarajia.

Nitakupa mmoja wa kuanzia. Unakumbuka "Vuta Pumz" ya Longombas? Ulikuwa shule ya msingi, ukaucheza juu ya kochi langu jipya mpaka spring ikatoka. Wale ndugu wawili baba yao alikuwa Lovy Longomba, aliyeimba na hao hao Super Mazembe niliokutajia, kwa sauti nyembamba ya juu ambayo ukiisikia unamtafuta mwanamke. Babu yao ni Vicky Longomba, mmoja wa walioanzisha OK Jazz pamoja na Franco mwaka 1956, na mmoja wa waliokwenda Brussels na Le Grand Kallé mwaka 1960, enzi za "Indépendance Cha Cha", wimbo wa uhuru wa Kongo. Na Awilo Longomba, yule aliyewarusha watu kwenye kila harusi mwishoni mwa miaka ya 1990, ni baba yao mdogo. Basi kutoka kwenye kochi langu unaweza kutembea mpaka uhuru wa Kongo bila kutoka kwenye familia moja. Usiku mmoja unatosha, na hutasikia nyimbo mbili zinazofanana.

Mwingine ni Kamaru. Mzee alifariki mwaka 2018. Mjukuu wake wa kiume, mwenye jina lilelile la Joseph Kamaru, anajiita KMRU, na anafanya muziki ambao nilipousikia mara ya kwanza nilidhani friji imeharibika. Hakuna ngoma wala kuimba, ni sauti za mahali zilizorekodiwa na kunyooshwa taratibu. Albamu yake "Peel" ilitoka 2020 na imemfikisha mbali Ulaya. Lakini kijana huyohuyo ndiye aliyeanza kuzitoa upya nyimbo za babu yake kwenye intaneti. Ningekuwa na nafasi ya kuzungumza naye ningemwambia sijaelewa friji, lakini namheshimu.

Na kama unataka mfuatano wa kukushangaza, kuna "Kothbiro". Black Savage, walioutoa kwanza, walikuwa bendi ya hapa Nairobi miaka ya 1970, na mmoja wao alikuwa Ayub Ogada. Baadaye akaimba wimbo huo na nyatiti yake peke yake, ukatoka kwenye albamu ya 1993, kisha ukasikika kwenye filamu ya "The Constant Gardener" mwaka 2005. Halafu mwaka 2018 Kanye West akachukua kipande cha ile rekodi ya Black Savage akakiweka ndani ya "Yikes". Wewe uliupiga huo wimbo nyumbani kwangu, kwa sauti ya juu, ukiniambia mimi sielewi muziki wa kisasa.

Kurudi nyuma zaidi nitakupitisha haraka, utaenda mwenyewe ukitaka. Rumba ya Kongo ina mizizi Cuba: kuanzia miaka ya 1930 santuri za lebo ya GV zilileta nyimbo za Havana Afrika, na watu wakatambua mdundo uliokuwa umeondoka kwao kwenye meli za watumwa. Pwani yetu ilikuwa na Fundi Konde, miongoni mwa wa kwanza hapa kushika gitaa la umeme. Zanzibar ilikuwa na Siti binti Saad, aliyepelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi. Taarabu sikufundishi kwa barua. Hiyo unakaa na nyanyako wa Mombasa, unanyamaza, anakueleza nani anasemwa.

Na usinicheke kwa Jim Reeves. Najua wageni hushangaa kukuta mji huu umejaa watu wanaolia kwa nyimbo za wachunga ng'ombe wa Marekani, lakini babako hakuanza Jumapili yoyote bila yeye, na nusu ya mtaa ilikuwa hivyohivyo. Muziki hauulizi kitambulisho.

Za kwenu nazisikiliza kuliko unavyodhani. Kalamashaka, wale marapa wa Dandora, walinishtua, kwa uzuri. Nilikuwa nimezoea Kiswahili cha redio, na ghafla vijana wakaniambia maisha yao kwa lugha ya steji, nikaelewa kila neno. E-Sir nilimpenda. Alikuwa na miaka 21 tu alipofariki mwaka 2003, na mpaka leo sijasikia mtu anayepanga maneno juu ya mdundo kwa wepesi ule. Gengetone, na wale Ethic wenu na "Lamba Lolo", hapo nilitoka chumbani. Si mdundo ulionitoa, mdundo ni mzuri. Ni kwamba nilikuwa na wageni wa jumuiya.

Arbantone nimeielewa bila kufundishwa. Nilikuwa kwenye matatu ya Rongai nikija kwako, manamba akaongeza sauti, nami nikaanza kuimba kabla ya mwimbaji, kwa sababu chini kabisa kulikuwa na mdundo wa miaka ya 2000 mwanzoni, ule wa enzi za kochi. Msichana aliyekaa karibu nami akanitazama kana kwamba nimemwibia. Vijana wamechukua nyimbo mlizozipenda mkiwa watoto, wakazikata, wakazijenga upya. Kwa hiyo swali lako jiandae kulijibu wewe. Mpwa wako ana miaka tisa, na wiki iliyopita aliniambia nyimbo za mjomba zote zinafanana.

Sasa zamu yako. Nitumie nyimbo tatu, si orodha ya mia mbili, na kila mmoja uniandikie ni nani alitengeneza mdundo, maana majina ya waimbaji naweza kuyasoma mwenyewe. Jumamosi nitakuwa Kenyatta Market kusukwa, na pale sokoni kuna kibanda cha santuri za zamani kinachojulikana, ukiuliza utaonyeshwa. Njoo saa saba. Tutazisikiliza kwenye mashine ya kweli, pande zote mbili, na wewe ndiye utakayegeuza. Nyama choma ni juu yako, kilo moja na nusu, na uchague wewe muuzaji, maana yule wa mara ya mwisho alitupa mifupa mitupu.

Mama yako