Uliza Ujibiwe: Msaada unaofaa baada ya mafuriko na kimbunga

*Sisi ni akina mama 18 wa kikoba, Mbagala. Kila bonde la Msimbazi likijaa, watu hukimbilia kukusanya nguo. Safari hii tunataka kujipanga kabla ya masika. Tununue nini?*

Nguo ziacheni kwanza. Aliyehifadhiwa darasani hana kamba ya kuanikia wala kabati, na marobota huishia kulowa na kunuka uvundo kwenye kona. Ila kanga pelekeni: doti moja ni shuka, mbeleko, taulo na pazia la kubadilishia nguo. Ongezeni chupi mpya na pedi, vitu ambavyo wachangaji wengi huona haya kuvitaja.

Siku mbili tatu za mwanzo pelekeni chakula kisichotaka moto: mikate, tende, karanga, biskuti, maji ya kunywa. Mkaa umelowa na jiko limekwenda na maji, kwa hiyo unga wa siku ya kwanza ni mzigo tu.

Baada ya hapo pigeni hesabu ya gramu 400 za nafaka kwa kila kichwa kwa siku. Familia ya watu 5 kwa wiki ni kilo 14 za unga au mchele, kilo 2 za jamii ya kunde, lita 1 ya mafuta na pakiti ya chumvi. Tungechagua choroko badala ya maharage, kwa sababu maharage yanakula mkaa. Fungeni mifuko ya kilo 5. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi gunia la kilo 25, tena likishafunguliwa kwenye unyevu linaota ukungu.

Maziwa ya kopo msigawe ovyo. Yakikorogwa kwa maji machafu yanamharisha mtoto. Mama anayenyonyesha mpeni chakula na maji zaidi.

Kabla ya kugawa, kaeni na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na wajumbe, mpate orodha ya vichwa, siyo ya nyumba. Orodha ya nyumba humtaja mwenye nyumba, na wapangaji sita wa uani wakakosa.

*Maji yanatoka na rangi ya chai. Nikiweka kidonge cha klorini, watu wanalalamikia harufu. Nipunguze?* — Msomaji, Kigogo

Usipunguze. Tope ndilo linalomaliza klorini kabla haijaua vijidudu. Acha maji yatuame, mimina ya juu polepole, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Kisha weka kidonge: cha miligramu 67 kinatosha lita 20 za maji maangavu. Maji yakibaki na ukungu, weka viwili. Soma pakiti, maana vidonge vina nguvu tofauti. Koroga, funika, subiri dakika 30. Harufu hafifu ni dalili njema kwamba dawa imebaki. Tumia ndoo yenye mfuniko na koki, kwa sababu kata inayopita mikono kumi inarudisha uchafu.

*Nataka kumtumia ndugu yangu wa Mafia turubai kabla hakijaja kimbunga kama Hidaya cha Mei 2024. La aina gani?* — Msomaji, Tabata

La mita 4 kwa 6, pamoja na kamba ya manila. Mwambie asitegemee vile vitundu vya chuma vya pembeni, upepo ukivuta vinang'oka. Aweke kokoto ya mviringo, ukubwa wa limau, karibu na pembe, aizungushie turubai, kisha afunge kamba kwenye shingo ya lile nundu. Mgongo wa katikati uwe juu ya kingo. Likilala bapa, maji yanatuama tumboni, na ndoo moja tu ya lita 20 ni kilo 20 juu ya mirunda.

*Vijana wa mtaa tunataka kuwasaidia wazee kutoa tope ndani. Tuanzie wapi?*

Umeme kwanza. Mkiwa mmesimama kwenye maji, msiguse swichi kuu; iteni TANESCO. Vaeni buti za mpira na glavu, hasa mwenye kidonda, maana mkojo wa panya kwenye maji hayo unaleta homa ya mgunda. Msikaribie choo cha shimo kabla ya kujaribu ukingo kwa mti mrefu; udongo uliolowa unabomoka ghafla.

Choteni tope kwa chepe likiwa bichi, likikauka linashika kama saruji. Osheni kwa sabuni, ndipo mpitishe Jik, dawa ya klorini ya madoa: kikombe 1 cha Jik yenye nguvu ya asilimia 3.5 kwa vikombe 6 vya maji, dakika 10. Msichanganye na dawa ya choo yenye asidi, inatoa hewa ya sumu.

Godoro la sponji lililonywa maji ya choo litoeni nje, hata mwenyewe akisema litakauka.