Swali: Ibada yetu inaisha saa nane mchana, tukate kwaya?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mchungaji. Mimi ni katibu wa baraza la wazee kwenye usharika mmoja wa Kilutheri huku Kilimanjaro vijijini. Ibada ya pili inatakiwa ianze saa tatu na nusu ila mpaka tumalize na mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka ni saa nane. Tuna kwaya tano, zote zinataka kuimba. Vijana wanakaa nje chini ya miti, wanaingia kwenye baraka tu. Wazee wenzangu wanasema tubakize kwaya mbili na ibada iwe masaa mawili basi. Alafu maiki zinapiga filimbi kila Jumapili. Tuanzie wapi? Na mnada je, tuufute?

JIBU: Ameni, asifiwe sana katibu. Swali lako nimeletewa na wazee wengi na karibu wote wanakuja na jibu tayari mkononi, kwamba kwaya ndo tatizo. Kabla hamjagusa kwaya yoyote naomba ufanye kitu kimoja, chukua daftari na saa, kaa benchi la nyuma Jumapili nne mfululizo, andika kila kitu kimeanza saa ngapi na kimeisha saa ngapi. Usimwambie mtu, ukisema tu wote watajirekebisha wiki hiyo na daftari litakudanganya.

Mimi nilifanya hivyo kwenye usharika niliokuwa nahudumu miaka hiyo, na Jumapili moja naikumbuka mpaka leo maana niliitumia kufundishia wazee. Ibada ilianza dakika 22 baada ya muda. Liturgia yote, maungamo, masomo, sala, dakika 36. Mahubiri 42, hayo ni yangu mwenyewe na nilikuwa naapa kwamba sizidishi 25. Sadaka 31. Kutambulisha wageni 13, yaani mpaka shemeji wa mtu aliyekuja kuchukua mbegu za mahindi alisimamishwa akasalimia. Matangazo 38! Kwaya tano, wimbo mmoja mmoja, dakika 26 tu. Lakini kutoka kwenye viti, kupanga mistari, mwalimu wa kwaya kumnong'oneza fundi mitambo kwamba wimbo uko kwenye flashi nyingine, hayo mapengo yalikula dakika 19. Sasa jumlisha matangazo, wageni na mapengo, unapata dakika 70 ambazo ndani yake hakuna neno wala wimbo wala sala, na wanaolaumiwa ni wenye dakika 26.

Kwa hiyo urefu wenyewe usiuogope sana. Nehemia 8 Ezra alisoma torati tangu asubuhi mpaka adhuhuri, watu wamesimama, na walilia kwa kulielewa neno. Upande wa pili kuna yule kijana Eutiko wa Matendo 20 aliyesinzia dirishani akaanguka kutoka ghorofa ya tatu Paulo akiendelea tu kuongea, na huyo alikuwa anamsikiliza mtume, sio mimi. Na hao vijana wako wa chini ya miti, si ndo hao hao wanakesha kwenye maombi ya Ijumaa mpaka alfajiri? Basi masaa sio kinachowatoa. Wanatoka kwa sababu ndani hawana kazi na maneno mengi hayawahusu. Mpe mmoja asome somo la Agano la Kale, ila alipate Jumanne aje na amelifanyia mazoezi, wawili wakae na fundi mitambo wajifunze, utaona wanaingia wenyewe na marafiki zao.

Kwenye kwaya niruhusu nikueleze nilivyoharibu. Nikiwa bado kijana, nimetoka chuo na moto, nilitoa barua tu, kuanzia mwezi ujao kwaya mbili kwa Jumapili, imetoka ofisini, imesainiwa. Jumatatu asubuhi nakuta boksi mezani, ndani kuna sare za kwaya ya akina mama zimekunjwa vizuri kabisa, zimepigwa pasi, hakuna hata karatasi ya maelezo. Nilichukua miezi kuelewa kwamba kwaya kwetu sio kikundi cha kuimba. Kwaya ndo inakwenda kulala kwenye msiba, ndo inachangia mwenzao akilazwa, ndo inajua nani hajaonekana wiki tatu na kwa nini. Ukiikata kwa barua umekata huduma ya kichungaji ambayo wewe na mchungaji wako hamuwezi kuifanya peke yenu, na kumbuka mchungaji wenyewe pengine ana mitaa mingine ya kuzunguka.

Nilivyorudi kwa adabu, nilikaa na walimu wa kwaya wote wakiwa na kalenda ya kanisa mbele yao, maana masomo yamepangwa mwaka mzima, wakapanga zamu wenyewe. Kwaya mbili zinaimba ndani ya liturgia, moja baada ya somo la kwanza na nyingine kabla ya mahubiri, wimbo unaoendana na somo. Ya tatu inaongoza nyimbo za kitabuni ikiwa imekaa pale pale kwenye viti, na hii wazee wengi hawaioni lakini ndo ilibadilisha uimbaji wa usharika mzima, sababu watu walikuwa wameshazoea kuimbiwa. Mbili zilizobaki zinapewa wagonjwa wa wiki hiyo na jumuiya mojawapo. Na flashi inafika kwa fundi mitambo Jumamosi, ikichelewa mnaimba bila ala, mtashangaa mara nyingi ndo wimbo unaogusa zaidi.

Matangazo hapo usiwe na huruma. Yaandikwe, yabandikwe mlangoni, yatumwe kwenye magrupu ya WhatsApp ya jumuiya Ijumaa, madhabahuni yasomwe matatu tu yanayohitaji watu wafanye kitu wiki hii. Isipokuwa ndoa, hayo yasome yote kwa sauti hata kama yamebandikwa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya siku 21 na hapo kanisani ndipo mwenye pingamizi anapopata kusikia. Wageni wasimame wote kwa pamoja, mpige makofi, wapewe chai baadaye na wazee wawili wa zamu wawaulize majina kule kule kwenye chai.

Mahubiri ya mchungaji sitakushauri uyaguse moja kwa moja, we mpe daftari lako tu, ukurasa wote, bila maoni. Karatasi haibishani na mtu. Kitu kilichonisaidia mimi kilikuwa kukaa na wainjilisti Jumanne jioni tukasoma somo la Jumapili pamoja, maana mahubiri marefu mengi ni mahubiri yaliyoandaliwa Jumamosi usiku, unaongea ukitafuta ulichotaka kusema.

Haya, maiki. Filimbi ile inatokea sauti ya spika ikirudi ndani ya maiki na kuzunguka tena. Nina uhakika wa asilimia tisini spika zenu zimewekwa ukutani nyuma ya madhabahu ili zionekane vizuri. Zisogeze mbele, ziwe kati ya maiki na waumini, zielekee watu na sio bati, maana bati na sakafu ya saruji vinarudisha sauti mpaka maneno yanagongana. Msemaji aweke maiki umbali wa ngumi moja na mdomo, akiishika kifuani fundi analazimika kuongeza na hapo ndo inalia. Maiki isiyotumika izimwe, mara nyingi unakuta sita ziko wazi na anayeongea ni mmoja. Na mkifanya majaribio Jumamosi kanisa likiwa tupu msishangae Jumapili ikisikika tofauti, miili ya watu inameza sauti, acheni mtu mmoja benchi la nyuma wa kumpa fundi ishara.

Msianze yote kwa mkupuo. Matangazo mwezi wa kwanza, spika wakati huo huo kwa kuwa hazina ndugu wa kununa, kwaya mkishakaa na walimu wake, hata ikichukua miezi mitatu.

Mnada muache. Ukitoa zile dakika hapo juu watu watatoka kwenye saa sita hivi na mnada utafanyika jua likiwa bado linavumilika. Pale nje ndipo bibi asiye na hela analeta mayai matano na yanatangazwa kwa heshima ile ile ya mbuzi wa mwenye duka, mkungu wa ndizi unanunuliwa, mnunuzi anaurudisha, unauzwa tena, na wale vijana wako nakwambia ndo wa kwanza kupandisha bei.