Kwa nini wiski ya pipa moja ni ghali hivyo?

Ndugu, umeuliza kwa nini wiski ya miaka 40 kutoka pipa moja iuzwe bei ya gari wakati ya miaka 12 ipo dukani. Sababu kubwa ni kwamba hairudiwi. Wiski nyingi za Uskoti huchanganywa kutoka mapipa mengi ili ladha isibadilike mwaka hadi mwaka. Ya pipa moja hutiwa chupani peke yake, na pipa la jirani, hata kama lilijazwa siku hiyohiyo, linaweza kutoa kitu tofauti kabisa. Likiisha, limeisha.

Halafu kuna uvukizi. Kila mwaka karibu asilimia 2 hupotelea hewani kupitia mbao za mwaloni. Waskoti husema ni fungu la malaika (malaika gani hao walevi, sijui). Pipa la lita 250 baada ya miaka 40 linaweza kubaki chini ya nusu. Alkoholi nayo hushuka, na ikiteremka chini ya asilimia 40, kisheria hiyo si wiski ya Uskoti tena.

Wiski ya Macallan, kiwanda cha Uskoti, ya mwaka 1926, pipa namba 263, ilitoa chupa 40 tu baada ya miaka 60. Mwaka 2023 moja iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 2. Hapo mtu ananunua uadimu, si ladha. Umri mkubwa una hatari yake: wiski ikikaa mno huwa chungu, unaonja mbao tupu. Mimi ningechukua ya miaka 18 hadi 25, ya pipa moja, isiyoongezwa maji.