Vidudu vya vumbi la gata: paramisia au rotifa?

Swali: Nafundisha biolojia sekondari hapa Dodoma. Tumeloweka vumbi la kwenye gata, na baada ya saa chache tukaona vidudu vyenye kama magurudumu mawili kichwani. Wanafunzi wanasema ni paramisia. Ni nini hasa, na vimetoka wapi ilhali mvua ilikatika Aprili?

Jibu: Mwalimu, kwa maelezo hayo ni rotifa, kundi la bdeloidi. Paramisia ni seli moja tu. Rotifa, ingawa wengi hawafiki nusu milimita, ni mnyama kamili: seli karibu elfu moja, utumbo, ovari na taya. Kumaliza ubishi, kuza mara 400 na utazame chini kidogo ya kichwa. Utaona kitu kinasaga bila kupumzika. Ndizo taya, na paramisia hana. Magurudumu nayo hayazunguki. Ni vijinywele vinavyopiga kwa zamu, jicho likadanganyika.

Bdeloidi utamjua kwa mwendo: asipoogelea hujivuta kama ruba. Ana ovari mbili, na dume lake halijapata kuonekana. Majike huzaa wenyewe. Rotifa wa mabwawani mwenye gamba lenye miiba, Brachionus, ni wa kundi la pili, monogononta: ovari moja, na madume hutokea kwa msimu, vijitu vidogo visivyokula. Kundi la tatu, Seison, huishi juu ya gegereka (jamii ya kaa na kamba) wa baharini, kwa hiyo msihangaike kumtafuta Dodoma.

Kiangazi hakimuui bdeloidi. Maji yakipungua taratibu hujikunja kama kidonge, hukauka na kusubiri. Hilo "taratibu" ndilo linalowashinda wengi: tone likikaukia juani kwenye kioo, anakufa. Mwache ndani ya mchanga wenye unyevu, kivulini, umefunikwa kwa karatasi, ukauke kwa siku mbili tatu. Kisha mloweke upya.

Maji ya bomba yana klorini. Yaache wazi siku nzima kwanza, au tumia ya chupa. Na usitie spiriti wala fomalini kabla ya kumtambua, maana atajikunja donge, na bdeloidi akishakuwa donge hata mtaalamu hamtambui. Mkitaka taya peke yake, wekeni tone la Jik ukingoni mwa kioo cha kufunikia: nyama huyeyuka, taya zikabaki.