Ukiinuka Unaona Giza? Usikimbilie Chumvi

SWALI: Habari za kazi, daktari? Nina miaka 54, nalima zabibu Hombolo na natumia dawa za presha. Siku hizi nikiinama kupogoa, nikija kuinuka naona giza na moyo unaenda mbio. Jirani kasema presha imeshuka, basi nimeacha dawa, nanywa maji ya chumvi. Niendelee?

JIBU: Hapana, mama. Chumvi iache leo. Kesho beba dawa zako zote uende zahanati.

Ukisimama, damu kama nusu lita au zaidi huteremkia miguuni na tumboni. Neva zilizoko shingoni, pale ateri ya kichwani inapogawanyika, na nyingine kwenye ateri kuu itokayo moyoni, huhisi presha imelegea na kulitaarifu shina la ubongo. Ndani ya sekunde chache ubongo unauharakisha moyo na kuibana mishipa. Kwa hiyo mara nyingi mbio hizo za moyo ni mwili kujirekebisha. Giza huja marekebisho yakichelewa: maji yamepungua kwa jua letu hili, dawa ya kukojosha, kisukari cha muda mrefu, umri.

Sasa hii "presha ya kushuka" inayopimwa kwa kuhisi ndiyo inanichosha. Ulale dakika 5, upimwe. Usimame, upimwe tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, hapo tuzungumze, na pengine tutabadili dawa au dozi. Mtu huyohuyo anaweza kuwa na 170 akiwa amelala na bado akaona giza akisimama. Huyo ndiye mnamnywesha chumvi!

Tena ubongo huzoea. Presha ikikaa juu miaka, unailinda 170 kama ndiyo kawaida yake, na mwenyewe hasikii kitu. Akianza dawa, wiki za mwanzo anajihisi mnyonge, anasema zinamuua. Hapo ndipo wanapompata wale wa minadani wenye bangili za sumaku na chupa za "kuzibua mishipa". Mashine ya kupimia hawana, ila uhakika wanao tele. Wateja wao tunakuja kuwapokea mdomo umeenda upande, mkono hauinuki, dawa waliziacha zamani.

Wewe kunywa maji ya kutosha shambani, na ukitoka kuinama chuchumaa kwanza. Ukizimia, au kifua kikibana, usingoje kesho.