Fundi, windo ya zamani imegoma kwenye mashine mpya

Wiki hii barua zimefanana kama vile mmekaa meza moja mkaandika. Mtu kanunua laptopu mpya, imekuja na Windows 11, yeye anataka irudi nyuma. Wa Ngarenaro anataka 7, wa Moshi anataka 10, na dogo mmoja wa Sakina hataki chochote, anaomba tu mashine yake iwake. Naanza na aliyehangaika kuliko wote.

SWALI: Broo fundi mambo vipi. Mi nina steshenari hapa Ngarenaro, Arusha, natoa fotokopi, pasipoti saizi, na nina mashine ya kukata stika, zile za bodaboda na daladala na vioo vya maduka. Ile mashine nilinunua kwa mtu mwaka 2013 na programu yake nimeizoea kwenye Windows 7. Sasa laptopu ya zamani imeungua bodi mwezi uliopita, nikajipiga nikanunua mpya kabisa, Core i5 kizazi cha 12, RAM 8, SSD ya 512. Nikampa fundi anipigie 7. Akazima sekyua buti (ule ulinzi wa wakati wa kuwasha mashine), flashi ikaanza kusoma vizuri tu, ikafika pale inapoandika Starting Windows ikaganda. Tumeiacha usiku kucha, asubuhi iko vile vile. Tumebadili flashi tatu. Fundi wa pili kasema laptopu ni feki, wa tatu kasema SSD ni mbovu niitoe aniwekee ya kwake. Kazi zimelala, kuna jamaa wa daladala ya Kijenge ananipigia kila asubuhi anauliza stika zake ziko wapi. Nifanyeje?

JIBU: Chalii wangu, kwanza hiyo SSD, yaani diski yako, usiitoe, na huyo fundi wa tatu usimwachie mashine ukaenda kunywa chai. SSD yako nzima na laptopu si feki. Inayogoma ni Windows 7 yenyewe na wala hujakosea kitu kwenye flashi.

Iko hivi. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009. Enzi hizo kompyuta nyingi zilikuwa zinawashwa na BIOS ya kizamani, ile programu ndogo ya ndani inayoiamsha mashine, na 7 ikianza kuchora ile nembo yake inakwenda kuiomba hiyo BIOS huduma ya picha. Baadae zikaja mashine za UEFI, mrithi wa hiyo BIOS, ila kwa miaka mingi watengenezaji waliacha mlango wa uani unaitwa CSM, kazi yake ni kujifanya BIOS ya kizamani ili windo za zamani zisishtuke. Laptopu za miaka ya karibuni mlango huo umezibwa. Kwa hiyo 7 inapiga hodi, hakuna wa kuitikia, na yenyewe haijafundishwa kuondoka, inasimama hapo hapo mlangoni. Ndo hiyo kuganda. Hata ukiiacha mpaka Pasaka.

Na tuseme umepenya hapo kwa ujanja. Mbele kuna shimo la pili, 7 haina draiva (kiprogramu cha kuongea na kifaa) ya USB 3.0, kwa hiyo ukishaanza kuipiga inaacha kuiona ile ile flashi inayosomewa, inakuletea ujumbe kwamba draiva ya CD au DVD haipo, na hapo ndo watu wanazunguka mji mzima kutafuta DVD wakati tatizo wala si DVD. Shimo la tatu, SSD yako bila shaka ni NVMe, zile SSD mpya za kasi, na 7 kama ilivyotoka kiwandani haizijui NVMe, Microsoft walikuja kutoa kiraka baadae ambacho lazima fundi akishonee ndani ya flashi mwenyewe. Mafundi wengi wakifika hapo wanasema SSD mbovu, maana haionekani. Shimo la nne ndo baya, hata ukifika dukani kwako na 7 imekaa, hakuna draiva ya kioo wala ya Wi-Fi kwa kizazi cha 12. Microsoft walitangaza Januari 2016 kwamba prosesa mpya zitakazokuja zitahudumiwa kwenye windo mpya tu, na kwa Intel kizazi cha 6 ndo cha mwisho kilichokaa na 7 kwa amani. Wewe uko vizazi sita mbele. Msaada wenyewe wa 7 uliisha 14 Januari 2020.

Sasa nikuulize, huyo jamaa wa daladala anajua dukani kwako mnatumia Windows ngapi? Anataka stika yake. Kwa hiyo tuifuate stika.

Hujaniambia kama umewahi kuijaribu ile programu kwenye hiyo 11 uliyonunua nayo. Watu wengi hawajaribu, wanaambiwa "haikubali" na wao wanaamini. Irudishe 11 kama mmeshaifuta, ipige programu, bofya kulia kwenye ikoni yake, ingia sifa zake, kuna sehemu ya kuifanya ijione iko kwenye Windows 7. Mara nyingi itafunguka. Kitakachokusumbua ni waya. Mashine nyingi za kukata stika kwa ndani zinaongea lugha ya siriali hata kama waya ni wa USB, na kompyuta inaiona kama COM fulani, yaani mlango wenye namba. Fungua Device Manager uangalie. Ukikuta alama ya njano, tafuta draiva ya ile chipu ya waya kwa ajili ya 11, na kama bado inagoma nunua waya mwingine, maana kuna chipu za kuigiza ambazo draiva mpya zinazikataa makusudi. Ukikuta imekaa vizuri lakini kwenye COM9, hapo pia utapigwa chenga, kwa sababu programu nyingi za zamani zinajua COM1 mpaka COM4 tu, ibadilishe namba hapo hapo uiweke COM3, halafu kwenye programu uchague hiyo hiyo. Nimeshaona mtu anataka kutupa mashine nzima kumbe ni namba tu.

Kuna kesi moja ambayo yote hayo hayatasaidia, kama programu ni ya zamani sana, ya biti 16. Windows 11 ni ya biti 64 peke yake na hizo za 16 haizifungui kabisa, hata uifanyeje. Hapo weka VirtualBox, ni ya bure, unatengeneza kompyuta ndani ya kompyuta na humo ndani unapiga Windows 7 ya biti 32, unaipa RAM ya GB 2 katika zile 8 zako, na ule waya wa USB unaukabidhi huko ndani. Huko ndani 7 haikutani na ile UEFI wala NVMe, inaona vitu vya enzi zake, inatulia.

Ila mi ningekuwa wewe, ningetafuta desktopu ya mtumba, Core i3 au i5 ya kizazi cha 3 au cha 4, hizo bado zimejaa madukani Arusha, napiga 7, naifunga pale pembeni na mashine ya stika na siiunganishi na intaneti maisha yake yote. Dizaini unatengenezea kwenye laptopu mpya, unahamisha kwa flashi. Na laptopu yako inabaki na 11 yake, na Wi-Fi yake, na kioo kinachoonekana vizuri.

SWALI: Kaka fundi, habari za kazi. Naandika kutoka Moshi, mimi ni mhasibu kwenye chama cha akiba na mikopo. Ofisi imenipa laptopu mpya ya Intel ina Windows 11 Pro, lakini aliyetuuzia programu ya hesabu anasema yeye anahudumia Windows 10 tu. Nimeamua kupiga mwenyewe kwa sababu fundi wa mara ya mwisho aliondoka na data zetu zote kwenye hadi diski yake, nikalala na presha. Flashi nimetengeneza, imewaka, nimechagua lugha, nimefika pale pa kuchagua diski, pako tupu. Hakuna hata diski moja. Cha ajabu nikichomoa flashi, Windows 11 inawaka kama kawaida. Diski inajificha wapi?

JIBU: Dada pole na presha, na hongera kwa kutokimbilia kubonyeza vitu. Diski yako iko pale pale. Intel kuanzia laptopu za kizazi cha 11 wameweka kitu kinaitwa VMD, ni kama mlinzi anayesimama mbele ya SSD, ukitaka kuongea na SSD unapitia kwake. Windows 11 iliyokuja na mashine ina draiva ya kuongea nae. Flashi yako ya 10 haina, kwa hiyo inaona ukuta.

Nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, andika modeli yako kamili, kwenye draiva za storeji tafuta Intel Rapid Storage, pakua. Ikija kama faili moja la kubofya, lifungue kwa 7-Zip ulitoe mafaili ya ndani, maana yule mpigaji wa Windows anataka kuona faili linaloishia na inf, hawezi kufungua kifurushi. Hilo folda liweke kwenye flashi ile ile. Rudi mpaka pale patupu, bonyeza Load driver, lielekeze kwenye folda, chagua ile yenye neno VMD, subiri kidogo, diski inatokea. Raha yake utaisikia mwenyewe.

Mafundi wengi watakwambia uingie BIOS, yaani mipangilio ya kuwashia mashine, uizime VMD. Inafanya kazi, sikatai. Ila ukishaizima na kabla hujapiga 10 ukataka kurudi kwenye 11 yako, itakupiga skrini ya bluu, na mtu asiyejua anadhani kaua mashine. Ukiirudisha VMD inapona.

Kabla ya kubonyeza chochote cha kufuta, tengeneza flashi ya kurudishia Windows 11, chukua ya GB 32, na data za wanachama ziwe sehemu mbili tofauti ambazo si hiyo laptopu. Ukimaliza kupiga 10, Wi-Fi inaweza isiwepo, usihangaike, chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushea intaneti kwa waya, bando la simu litaipa mashine intaneti ya kutosha kushusha draiva zilizobaki. Kuhusu leseni uko salama, Pro inayokuja na mashine ina haki ya kushuka mpaka 10 Pro, ingekuwa Home haki hiyo haipo.

Sasa naomba umpigie huyo aliyewauzia programu. Windows 10 imeacha kupata viraka vya kawaida tangu 14 Oktoba 2025, na ule mwaka wa nyongeza kwa watu binafsi unaishia 13 Oktoba 2026, kwa ofisi ni mpango wa kulipia kila mwaka. Mashine yenye hesabu za akiba za watu isiyopata viraka ni hatari, na yeye anachowaambia ni kwamba hajapata muda wa kuijaribu programu yake kwenye 11. Programu nyingi zinazotembea kwenye 10 zinatembea kwenye 11 bila neno. Mwambie aje aijaribu mbele yako, kwa kopi ya data na si data yenyewe, halafu ndo uamue kama hiyo flashi inahitajika.

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma chuo, nakaa Sakina. Nilizima sekyua buti niweke Windows 10 kwa ajili ya gemu, nikaghairi. Tangu hapo nikiwasha inakuja skrini ya bluu inaomba funguo ya tarakimu 48. Sijawahi kuweka paswedi ndefu hivo maishani. Kazi zangu zote za chuo ziko humo.

JIBU: Marahaba dogo. Hiyo ni BitLocker, kufuli la Windows la kufunga data za diski, laptopu nyingi zinajifunga zenyewe siku ya kwanza ukiingia na akaunti ya Microsoft, hazikuulizi. Imeona umegusa usalama wa kuwashia, ikadhani imeibiwa. Ingia BIOS uiwashe tena sekyua buti, rudisha kila ulichobadilisha, mara nyingi itawaka bila kuuliza. Ikiendelea kuuliza, chukua simu, ingia akaunti ya Microsoft iliyotumika kuwashia hiyo laptopu, funguo zinakaa humo.

Na hapa ndo pana mtego: nani aliiwasha siku ya kwanza? Kama ni kijana wa dukani, akakusaidia "kuiseti" haraka haraka kwa imeli yake, funguo iko kwake. Rudi dukani leo, na risiti, kabla hajabadili kazi. Asipopatikana mtu wala funguo, mashine utaipiga upya na itatumika, ila kazi za chuo humo ndani hakuna fundi wa kuzitoa, hata yule atakayekwambia ana mtambo.

Wa Majengo, Moshi, uliyeuliza kuhusu kile kitufe cha kurudi Windows 10 ndani ya siku 10: hicho ni cha mashine iliyokuwa na 10 ikapandishwa kwenda 11. Yako imetoka boksini na 11, haina pa kurudi, ndo maana kimefifia na hakibonyezeki.